Tofauti ya dola 123: uchambuzi wa nyaraka za kufunga mkopo mmoja wa nyumba

Jumanne asubuhi mdogo wangu alinitumia ujumbe wa sauti akiwa garini, ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku hospitalini. "Kaka, zile karatasi za nyumba zimekuja. Nimezilinganisha na za Aprili, tofauti ni dola 123 tu. Ijumaa tunasaini, tunamshukuru Mungu."

Nilimwomba anitumie zote mbili, za Aprili na za Jumanne ile. Si kwamba nilinusa kitu. Ila mambo yalikuwa yamebadilika mengi kwa wiki saba, na hesabu ikikaribiana mno baada ya mabadiliko mengi, mimi hutaka kujua imekaribianaje.

Kisa chenyewe ni cha kawaida. Yeye na mumewe walikuwa wananunua nyumba viungani mwa Houston, Texas, kwa dola 300,000. Kianzio kilikuwa asilimia 5, yaani dola 15,000, na mkopo dola 285,000 wa miaka 30 kwa riba isiyobadilika ya asilimia 6.5. Mkopaji ni mdogo wangu peke yake, kwa sababu rekodi ya mikopo ya shemeji ilikuwa bado changa. Arubuni ya dola 3,000 ilishatolewa siku waliposaini mkataba. Kisha ukaguzi wa nyumba ukaonyesha kiyoyozi kinachokaribia kukata roho, na muuzaji akakubali kuwachangia dola 4,000 katika gharama za kufunga, yaani ada na malipo ya siku ya kusaini mkopo na kukabidhiana nyumba. Nyongeza ya mkataba ikaandikwa, pande zote mbili zikatia saini. Hiyo nyongeza tutairudia.

Nyaraka mbili za kusomwa pamoja

Marekani, anayeomba mkopo wa nyumba hupewa nyaraka mbili ndugu. Ya kwanza ni Makadirio ya Mkopo, kurasa 3, na mkopeshaji anatakiwa kuitoa ndani ya siku 3 za kazi tangu apokee ombi. Ya pili ni Taarifa ya Kufunga, kurasa 5, na hii lazima imfikie mkopaji angalau siku 3 za kazi kabla ya kusaini. Katika hesabu ya hizi siku 3 za mwisho, Jumamosi ni siku ya kazi; zinazorukwa ni Jumapili na sikukuu za taifa. Ndiyo maana iliyofika Jumanne iliruhusu kusaini Ijumaa, wala si kabla.

Utaratibu huu ulianza Oktoba 3, 2015. Shirika la serikali la kulinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, liliunganisha fomu zilizokuwa zikitolewa chini ya sheria mbili tofauti, moja ya 1968 na nyingine ya 1974. Zamani mtu alipewa karatasi ambazo mpangilio wa moja haukufanana na wa nyingine, akaachwa aoanishe mwenyewe. Sasa Sehemu A ya Makadirio ndiyo Sehemu A ya Taarifa, B kwa B, hadi H. Ukiziweka mezani ubavu kwa ubavu, kidole kinaweza kutembea mstari kwa mstari. Shida ni kwamba wengi wetu hatutembezi kidole. Tunatazama ukurasa wa 1 chini kabisa, pale palipoandikwa fedha za kuleta siku ya kufunga, tunavuta pumzi na kulala.

Hapo chini pa ukurasa wa 1, Makadirio ya Aprili yalisema dola 20,956. Taarifa ya Juni ikasema 21,079. Hiyo ndiyo tofauti ya dola 123 iliyomfurahisha mdogo wangu.

Lakini muuzaji si alikubali kutoa 4,000, na ahadi hiyo ilikuja baada ya Makadirio? Basi namba ya Juni ilipaswa kushuka kuelekea 17,000. Imebakije palepale?

Kutembeza kidole

Nilianza na Sehemu A, ada za mkopeshaji mwenyewe. Aprili ziliandikwa 1,350. Juni zimekuwa 1,725. Zimepanda kwa 375 na hakuna maelezo yoyote.

Sehemu B, huduma ambazo mkopaji hana hiari ya kuchagua mtoaji wake: tathmini ya nyumba, ripoti ya mikopo, cheti cha hali ya mafuriko. Jumla 695 huku na kule, na tathmini nayo ilikuwa imeachwa ilipwe siku ya kufunga. Sehemu C, huduma ambazo mkopaji anaweza kujitafutia, zikiwemo kampuni ya hati miliki, inayohakiki umiliki wa nyumba na kupokea fedha za kufunga, na upimaji wa kiwanja: 1,350 zote mbili. Ada ya kusajili hati kwa karani wa kaunti ilikuwa 150, imekuwa 160. Hapa hapana neno.

Sehemu F ni malipo ya mbele. Bima ya nyumba ya mwaka mzima ilikadiriwa 2,400. Kampuni aliyoichagua mdogo wangu mwenyewe ikataka 3,000. Riba ya siku za mwezi zilizobaki ilikadiriwa kwa siku 15, dola 761. Kwa kuwa wanafunga Juni 13, siku zimekuwa 18, yaani dola 914. Riba ya mkopo huu ni kama dola 50.75 kwa siku, kwa hiyo hesabu hii ni rahisi kuihakiki hata kwa simu ya mkononi.

Nitoke nje ya njia kidogo. Watu hupenda kufunga mwishoni mwa mwezi kwa sababu hii namba inakuwa ndogo, na madalali huiuza kama akiba. Si akiba. Riba ya nyumba hulipwa mwezi ukishapita. Malipo yao ya kwanza yalipangwa Agosti 1, nayo yanabeba riba ya Julai. Ile ya Juni wameilipa mezani. Ule "mwezi wa bure" ambao kila aliyenunua nyumba husimulia haupo.

Sehemu G ndiyo iliyonikalisha. Ni fedha za kuanzishia akaunti ya eskro, kibubu ambacho mkopeshaji hukishika ili alipie kodi ya nyumba na bima zitakapodaiwa. Makadirio yalikuwa na miezi 3 ya kodi, kwa 550 kila mwezi, na miezi 3 ya bima kwa 200: jumla 2,250. Taarifa imeandika miezi 9 ya kodi, 4,950, miezi 3 ya bima kwa bei mpya, 750, kisha mstari wa ajabu unaoitwa marekebisho ya jumla, wenye alama ya kutoa, 1,500. Jumla 4,200.

Mdogo wangu aliponiuliza kwa nini miezi 9, nilimwambia ahesabu kwenye vidole. Kodi ya nyumba Texas hudaiwa mwisho wa mwaka, na hulipwa bila adhabu hadi Januari 31. Wakopeshaji wengi huilipa Desemba. Kuanzia Agosti hadi Desemba yeye atakuwa ameweka miezi 5 tu. Zinahitajika 12, na sheria inamruhusu mkopeshaji kushika akiba isiyozidi miezi 2 juu yake. Kumi na nne toa tano, ni 9. Hawakumwonea. Marekebisho ya jumla nayo yapo kwa faida yake: akaunti ya kodi na ya bima huwa ni moja, kwa hiyo akiba iliyolala upande wa bima ifikapo Desemba huhesabiwa kuwa inasaidia upande wa kodi, na mkopeshaji hupaswa kupunguza anachodai. Watu hukiona kile kialama cha kutoa wakadhani ni kosa la uchapaji.

Sasa jumla ya gharama za kufunga imetoka 8,956 ya Aprili hadi 12,044. Dola 3,088 zaidi, na bado ukurasa wa 1 umeonyesha nyongeza ya 123 tu. Nini kimemeza zilizobaki?

Jibu liko ukurasa wa 3, ambao ni mbaya kuliko zote kwa macho: nguzo mbili za namba, upande wa mnunuzi na upande wa muuzaji. Chini ya mambo ambayo muuzaji hajayalipa, kulikuwa na mstari wa kodi ya kaunti tangu Januari 1 hadi Juni 13: dola 2,965. Muuzaji ameishi katika nyumba ile siku 164 za mwaka huu. Kodi ya mwaka mzima, 6,600, atakuja kuilipa mdogo wangu, kwa hiyo muuzaji anamwachia fungu la siku zake. Kodi ya mwaka ni kama dola 18.08 kwa siku. Zidisha kwa 164, namba inakuja ileile. Makadirio ya Aprili hayakuwa na mstari huo kabisa.

Kwa hiyo hii ndiyo hadithi ya dola 123. Gharama zilipanda kwa 3,088, fungu la kodi la muuzaji likazishusha kwa 2,965, zikabaki 123. Mambo mawili yasiyohusiana yalikutana yakafutana. Na katikati ya kufutana huko, dola 4,000 za kiyoyozi hazikuonekana popote. Mstari wa mchango wa muuzaji ulikuwa na sifuri.

Makapu matatu

Kabla ya kumpigia afisa mikopo tulikubaliana kitu kimoja: tusiende kulalamika kwamba gharama zimepanda. Gharama kupanda si kosa peke yake. Kanuni za mikopo ya nyumba zinazigawa gharama katika makapu matatu, na ukilalamikia ya kapu lisilofaa utajibiwa vizuri na kuaibika.

Kapu la kwanza halipandi hata senti, isipokuwa kuna badiliko halali la mazingira ambalo mkopeshaji ameliandikia Makadirio mapya kwa wakati. Humo zimo ada za mkopeshaji mwenyewe na za watoa huduma ambao mkopaji hakuruhusiwa kuwachagua. La pili linaruhusiwa kupanda hadi asilimia 10 kwa jumla ya kapu zima: ada za usajili na huduma za watu waliochaguliwa kutoka kwenye orodha ya mkopeshaji. La tatu halina kikomo mradi makadirio yalitolewa kwa nia njema: bima ya nyumba, riba ya siku, fedha za eskro, na huduma ambazo mkopaji alijitafutia nje ya orodha.

Ukiziweka namba zetu humo, mambo yananyooka. Bima, riba na eskro ni kapu la tatu, waache. Dola 10 za usajili ni kapu la pili, na hazifiki asilimia 10. Dola 375 za Sehemu A ni kapu la kwanza, na mdogo wangu hakuwahi kupokea Makadirio mengine baada ya yale ya Aprili. Hizo hazina pa kukaa.

Zile 4,000 hazimo katika kapu lolote. Ni suala la mkataba. Mkopeshaji alipewa mkataba wa awali. Nyongeza ilibaki kwenye barua pepe kati ya madalali wawili. Hakuna aliyefanya hila. Karatasi haikufika mezani kwa mtu aliyepaswa kuipiga chapa, basi. Nimeona kisa cha namna hii zaidi ya mara moja, na kila mara kila mtu alikuwa na uhakika kwamba mwenzake ameituma.

Shemeji ndiye aliyesita. "Kaka, tukianza maswali si watatuambia tusubiri siku 3 nyingine? Mwenye nyumba tunayopanga anataka funguo Jumamosi." Hofu hiyo ndiyo inayowafanya watu wengi wanyamaze, na haina msingi mkubwa. Mabadiliko yanayoanzisha upya siku 3 ni matatu tu: kiwango halisi cha gharama ya mkopo kwa mwaka kikikosewa kupita kiasi kinachoruhusiwa, ambacho kwa mkopo kama huu ni moja ya nane ya asilimia, aina ya mkopo ikibadilika, au ikiongezwa adhabu ya kulipa mkopo mapema. Kuingiza mchango wa muuzaji na kuondoa 375 hakugusi hata moja. Taarifa iliyosahihishwa inaweza kutolewa hata siku yenyewe ya kufunga, na mkopaji ana haki ya kuiomba aione siku moja ya kazi kabla.

Simu ilichukua dakika kumi na moja. Mdogo wangu alitaja sehemu, namba ya Aprili, namba ya Juni, akatuma nyongeza ya mkataba akiwa bado kwenye simu. Afisa alikubali zile 4,000 papo hapo, baada ya kuhakikisha hazizidi kiwango ambacho muuzaji anaruhusiwa kuchangia; kwa mkopo wao wenye kianzio kidogo ni asilimia 3 ya bei, yaani 9,000, na wala hazikuzidi gharama zenyewe. Kuhusu 375 alisema ataangalia. Jioni Taarifa mpya ikaja: fedha za kuleta, dola 16,704. Angeiona kasoro hiyo baada ya kusaini, mkopeshaji angekuwa na siku 60 za kumrudishia 375. Lakini 4,000? Hizo angeanza kumfuata muuzaji aliyekwishahama.

Barua pepe ya Jumatano

Jumatano usiku ikaingia barua pepe yenye nembo ya kampuni ya hati miliki. Iliwajulisha kwamba akaunti ya kupokelea fedha imebadilika kwa sababu ya ukaguzi wa mahesabu, na watume kabla ya saa nne asubuhi. Jina la karani lilikuwa lenyewe. Namba ya jalada lenyewe. Anwani ya barua pepe ilikuwa na herufi moja zaidi.

Matapeli huingia katika barua pepe za madalali na kukaa kimya wiki kadhaa wakisoma. Wanajua siku yako ya kufunga kuliko mama yako. Fedha ikitumwa benki kwa benki na kutolewa upande wa pili, kuirudisha ni majaliwa. Mdogo wangu alipiga namba iliyokuwa kwenye karatasi za mwanzo kabisa, si ile ya kwenye barua, na karani akamjibu kwamba hawajabadilisha kitu. Wao waliamua kupeleka hundi ya benki kwa mkono.

Nani anadaiwa, nani anakubali

Alhamisi waliomba kutumiwa rasimu za nyaraka zote. Watu wengi hawajui kwamba wanaweza kuomba. Zilikuja kurasa zaidi ya mia, na nitasema wazi kwamba nyingi hazikustahili kahawa tuliyoinywa kwa ajili yake. Fomu ya kodi ya mapato inayomruhusu mkopeshaji kuthibitisha ulichotangaza, ombi la mkopo lililopigwa chapa upya, barua ya malipo ya kwanza, ahadi ya kushirikiana kusahihisha makosa ya uandishi yakionekana baadaye. Zisomeke, zisainiwe.

Tatu ndizo zenye uzito.

Ya kwanza ni hati ya ahadi ya kulipa. Hii ndiyo deni lenyewe: nimekopa kiasi hiki, kwa riba hii, nitalipa 1,801 na senti zake kila mwezi kwa miezi 360. Pale ndipo ilipo adhabu ya kuchelewa, kwao asilimia 5 ya malipo baada ya siku 15. Aliyeisaini ni mdogo wangu peke yake. Taarifa ya Kufunga, ukurasa wa 5, ndiyo inayosema kwa sauti kile ambacho hati hii inanong'ona: wakilipa mpaka mwisho bila kuongeza kitu, mtaji na riba vitafika kama dola 648,500. Shemeji aliiangalia namba hiyo muda mrefu.

Ya pili ni hati ya dhamana. Hii haisemi nani anadaiwa. Inasema nini kitatokea kwa nyumba deni lisipolipwa. Texas hutumia hati yenye pande tatu: mkopaji, mkopeshaji, na msimamizi aliyepewa mamlaka ya kuuza. Kwa sababu ya mamlaka hayo nyumba inaweza kunadiwa bila kesi mahakamani, Jumanne ya kwanza ya mwezi, baada ya ilani ya angalau siku 21. Hii walisaini wote wawili. Shemeji aliuliza, kwa haki kabisa, kwa nini asaini dhamana ya mkopo usio wake. Texas ni jimbo ambalo mali ya wanandoa huhesabiwa ya pamoja, na nyumba ya kuishi familia ina ulinzi wa katiba ya jimbo. Mkopeshaji asiyepata saini ya mwenzi anajitafutia matatizo. Kwa kuisaini, shemeji hakuwa mdaiwa. Alikubali tu kwamba haki yake katika nyumba ile iko nyuma ya mkopo. Ni tofauti ambayo niliirudia mara tatu, na sidhani kama nilipoteza muda.

Ndani ya hati hiyohiyo kuna kifungu kinachowapa siku 60 kuhamia na kuwataka waishi humo angalau mwaka mmoja. Riba waliyopewa ni ya mtu anayeishi kwenye nyumba yake. Nimesikia vijana wakisema watasaini kisha wapangishe mwezi wa pili. Kuna hati ya kiapo juu ya jambo hilo, na kudanganya ili kupata mkopo wa nyumba ni kosa la jinai la shirikisho.

Ya tatu ni hati ya kuhamisha umiliki, ambayo muuzaji ndiye anayeisaini. Kwa kuwa mnunuzi haisaini, haisomi. Sisi tuliisoma, na jina la pili la shemeji, lenye R katikati, lilikuwa limeandikwa kwa L. Mswahili yeyote atacheka. Karani wa kaunti hacheki. Anasajili kilichoandikwa, na kukirekebisha baadaye kunataka hati nyingine. Kampuni ya hati miliki ilisahihisha siku ileile.

Majina ni shughuli kwa watu wetu. Mdogo wangu ana majina matatu kwenye pasipoti, mawili kwenye leseni ya udereva, na kwenye ripoti ya mikopo ana sita, kwa sababu kila duka lililompa kadi lilipanga jina la baba na la babu lilivyotaka. Mezani aliwekewa hati ya kiapo ya majina, yenye orodha ndefu ya watu ambao wote ni yeye. Alisaini kila mmoja huku akicheka. Muhimu ni kwamba jina lililo kwenye hati ya umiliki lilingane na kitambulisho utakachokuwa nacho mkononi siku unauza.

Ijumaa

Kusaini kulichukua dakika hamsini. Karani alikuwa mkarimu na mwenye haraka, akitaja kila karatasi kwa sentensi moja. Alipofika kwenye bima ya hati miliki nilifurahi kumsikia mdogo wangu akiuliza ni ipi kati ya mbili. Kwa maana ziko mbili: ya mkopeshaji, ambayo humlinda mkopeshaji tu, na ya mmiliki, inayomlinda mwenye nyumba ikitokea mtu na dai la zamani juu ya kiwanja. Kwao ya mmiliki ililipwa na muuzaji kwa mujibu wa mkataba.

Aliuliza pia kuhusu dola 140 za bima ya mkopo zinazokaa juu ya malipo ya kila mwezi, ambayo kwa jumla, pamoja na eskro, ni 2,741. Bima hiyo ipo kwa sababu kianzio hakikufika asilimia 20, na inamkinga mkopeshaji. Sheria ya 1998 inampa haki ya kuomba iondolewe deni likifika asilimia 80 ya thamani ya mwanzo, kwao dola 240,000, na iondoke yenyewe kwenye asilimia 78 ikiwa halipi kwa kuchelewa. Kwa ratiba ya kawaida ni kama miaka 10 na miezi 3, kisha mwaka mmoja mwingine. Alikwenda kuiandika tarehe hiyo kwenye kalenda ya simu. Sijui simu gani itakayodumu miaka 10, lakini ameiandika.

Mtu mmoja kwenye korido, rafiki wa shemeji aliyekuja kuwapongeza, alisema hata wakibadili mawazo wana siku 3 za kurudisha. Hapana. Haki hiyo ya siku 3 ni ya anayebadilisha mkopo kwenye nyumba anayoishi tayari, au anayekopa juu yake. Anayenunua akishasaini na fedha zikatoka, amenunua.

Agosti ilipita, wakalipa. Septemba ikaja barua kwamba anayepokea malipo amebadilika, jambo la kawaida kabisa. Yule wa zamani na mpya wanapaswa kuarifu siku 15 kabla na siku 15 baada, na kwa siku 60 malipo yaliyopelekwa kwa wakati kwa yule wa zamani hayahesabiwi kuchelewa. Ikaja pia barua yenye muhuri mkubwa, ikitaka ada ili wasajiliwe punguzo la kodi kwa nyumba ya kuishi. Fomu hiyo hujazwa bure katika ofisi ya tathmini ya kaunti. Ile barua iliishia jikoni chini ya sufuria.

Hati ya umiliki iliyosajiliwa ilifika kwa posta. Shemeji hakuangalia muhuri wala namba ya jalada. Alivaa miwani, akaweka kidole kwenye jina lake, akaitafuta ile R.